Wenye maduka Lodwar na Kakuma wajikinge vipi dhidi ya wezi wa simu?

MFANYABIASHARA mdogo wa Lodwar au Kakuma anapozungumzia wizi, aghalabu humaanisha kufuli iliyovunjwa usiku au bidhaa zilizoporwa njiani zikitoka Kitale. Hata hivyo, tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe Machi 2007, sehemu kubwa ya fedha za duka hailali tena sandukuni. Imo ndani ya simu, na mwizi ameifuata huko.

Mali iliyo hatarini si haba. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa mwaka wa 2018 ulikadiria uchumi wa kambi na mji wa Kakuma kuwa takriban dola milioni 56 kwa mwaka, huku biashara zikizidi 2,000 kambini pekee. Nyingi ni za mtaji mdogo, kiasi kwamba hasara ya Sh20,000 yaweza kufunga duka.

Ni muhimu kufahamu kwamba wezi hawa, kwa kawaida, hawavunji mitambo. Humhadaa mwenye mali awafungulie mlango mwenyewe.

Hila ya kwanza ni ujumbe bandia. Mwenye duka hupata ujumbe unaodai kwamba ametumiwa fedha, kisha mtu humpigia akilia kwamba alikosea nambari na kusihi arudishiwe. Wakati mwingine mteja huonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake mwenyewe. Mtandao unapozorota na foleni kurefuka, muuzaji huona haya kumzuia, na mfuko wa sukari hutoka bure.

Dawa yake ni kuangalia salio lako mwenyewe kwa kubonyeza *334#. Ikiwa fedha hazijaingia, bidhaa zisitoke. Anayedai kwamba alikosea naye usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie atume ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456 ili kampuni ichunguze. Ujumbe wa kitapeli hutumwa bila malipo kwa 333.

Hila ya pili ni mtu anayejifanya afisa wa kampuni ya simu. Huanza kwa heshima, humtaja mwenye duka kwa jina, kisha humwelekeza kubonyeza nambari kadhaa au kutaja nambari ya siri. Safaricom imewaeleza wateja wake kwamba huwapigia kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na hakuna afisa wa kweli anayeuliza nambari ya siri.

Ya tatu ni kubadilishiwa laini. Tapeli hupata laini mpya yenye nambari yako, na simu yako huzima mtandao ghafla. Katika eneo ambalo mtandao hupotea mara kwa mara, wengi husubiri tu. Muulize jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo: ikiwa yake inafanya kazi na yako haifanyi, piga ripoti papo hapo kwa simu yake. Wateja wa Safaricom wanaweza pia kubonyeza *100*100# ili laini yao isibadilishwe na mawakala wa nje.

Ya nne yahusu desturi ya Kakuma yenyewe. Tangu mpango wa Bamba Chakula uanze mwaka wa 2015, wakimbizi wengi wamekuwa wakipata msaada wa chakula kupitia laini za simu. Msaada unapochelewa hukopa, na baadhi yao huacha laini au kadi ya benki dukani kama dhamana, pamoja na nambari ya siri. Mkopaji hupoteza udhibiti wa fedha zake, naye mwenye duka huwa mshukiwa wa kwanza senti moja ikikosekana. Afadhali deni liandikwe daftarini na pande zote mbili zitie sahihi.

Kadhalika, anayefanya biashara kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ajue kwamba mwenye jina anaweza kuichukua wakati wowote, na salio lote likaenda naye.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 iliweka adhabu ya hadi miaka mitatu gerezani, faini isiyozidi Sh300,000, au zote mbili, kwa anayehadaa watu mtandaoni ili kupata taarifa zao za siri. Lakini mashtaka huhitaji ushahidi. Usifute ujumbe wala nambari iliyokupigia. Iarifu kampuni kwanza, kwani fedha hutolewa kwa dakika chache, kisha uandikishe ripoti kituo cha polisi.

Mwisho, kila jioni kabla ya kufunga duka, linganisha salio la simu na mauzo ya siku. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.