Kubadili Mipira ya Injini katika Norton Commando

Wasomaji wengi wa gazeti hili wameiona pikipiki nyeusi iliyokaa miezi mitatu katika karakana ya shule yetu. Ni Norton Commando ya mwaka 1971, mali ya mwanafunzi wa zamani aliyeinunua ikiwa kuukuu alipokuwa akifanya kazi Uingereza, akaileta kwa meli. Alituletea kwa sababu moja tu: kila alipopinda kona kwa mwendo, gurudumu la nyuma lilitaka kushika njia yake lenyewe. Siku moja nusura limtupe mtaroni. Mwalimu wetu wa ufundi alichagua wanafunzi watatu wamsaidie, nami nilikuwa mmoja wao. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza yafaa kujua kwa nini injini hiyo iliwekwa juu ya mipira. Ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na pistoni zake hupanda pamoja na kushuka pamoja. Basi mtikisiko wa moja haupunguzwi na wa pili, bali huongezwa. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1949, kazi ya Bert Hopwood, injini hiyo ilikuwa na ujazo wa sentimita 497 tu, na mtikisiko wake ulivumilika. Lakini wanunuzi walitaka nguvu zaidi. Kufika mwaka 1962, katika pikipiki iliyoitwa Atlas, ilikuwa imekuzwa hata sentimita 745. Hapo mpandaji alikufa ganzi mikono, na nati zikajilegeza zenyewe.

Mwaka 1967 Norton walionyesha Commando mjini London. Mafundi wake, Stefan Bauer, Bernard Hooper na Bob Trigg, hawakuunda injini mpya. Waliitafutia injini ile ile namna mpya ya kushikwa. Walifunga injini, giaboksi na uma wa gurudumu la nyuma vikawa kitu kimoja, kisha wakakitundika kitu hicho katika fremu kwa mipira: mahali pamoja mbele, mahali pamoja nyuma, na kishikio kidogo juu ya silinda. Mpango huo wakauita Isolastic. Injini hutikisika kama zamani, lakini mtikisiko humezwa na mipira kabla haujamfikia mpandaji.

Hapa ndipo penye hatari. Mipira ikiachwa peke yake, injini haitapanda na kushuka tu, bali itakwenda kushoto na kulia pia. Na gurudumu la nyuma, kwa kuwa limefungwa pamoja nayo, litaifuata. Kwa hiyo kila mshikio, wa mbele na wa nyuma, una washa za plastiki ngumu yenye utelezi, na shimu, yaani vipete vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi. Hivyo huizuia injini isiende kando, lakini huiacha ipande na kushuka. Nafasi inayotakiwa ni sehemu 10 katika elfu za inchi, yaani robo ya milimita hivi. Ni kama unene wa karatasi mbili na nusu za daftari.

Dalili za kuchakaa ni hizi. Pikipiki ikiwa imesimama juu ya stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia, huku mwenzio akitazama mishikio. Ikiwa injini nzima yasogea ndani ya fremu, nafasi imezidi. Tazama pia kama pana unga mwekundu wa kutu kandokando ya washa, au kama mpira umepasuka au umelainika kwa mafuta. Lakini usidanganyike: injini ikinguruma polepole, Commando nzima huonekana ikitikisika hata gurudumu la mbele. Huo si ugonjwa. Mwendo wa injini ukizidi, hutulia.

Kazi yenyewe yataka spana za inchi, maana za milimita zitaharibu vichwa vya bolti. Tulianza na mshikio wa mbele. Tuliweka kipande cha mbao na jeki chini ya injini ili uzito usilalie bolti, tukatoa nati, tukachomoa bolti ndefu, kisha tukafungua mshikio na kuutoa mzima. Mipira ya zamani ilikuwa migumu kama kwato, ikabidi kuisukuma nje kwa jeki ya mezani. Tulisafisha bomba la mshikio mpaka likang'aa, kwa maana kutu ikibaki hukwaruza mpira mpya. Kuingiza mipira mipya tulitumia maji ya sabuni. Usitumie mafuta ya injini wala grisi ya kawaida, kwani huula mpira. Grisi ya silikoni haina madhara.

Mshikio wa nyuma ni kazi kubwa zaidi, kwa kuwa umo katika kibebeo kilichoshika giaboksi na uma. Sisi tulishusha injini na kibebeo chote. Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi nne.

Sasa niseme kosa langu. Niliachiwa kupanga shimu za mbele. Nilifikiri kwamba kazi nzuri ni kazi iliyokaza, nikaongeza shimu mpaka nafasi ikaisha kabisa. Tulipoiwasha, fremu yote ililia, na kioo cha kutazamia nyuma hakikuonyesha kitu. Mtikisiko ulikuwa umepata njia ya chuma kwa chuma, na mipira mipya haikuwa na kazi. Mwalimu hakunikemea. Alinipa fila, kile kipimo cha mabati membamba, akaniambia nifungue tena.

Kupima ni hivi: kaza bolti kama inavyopasa, sukuma injini yote upande mmoja, kisha pima nafasi iliyofunguka upande wa pili. Ikizidi, ongeza shimu, ikipungua, toa. Baada ya hapo pima tena, maana mkono hauwezi kujua kitu chembamba namna hiyo. Tangu mwaka 1975 Norton wenyewe waliondoa taabu hii kwa kuweka kirekebishi cha kuzungushwa, na chaweza kufungwa hata katika Commando za zamani. Chetu kilikuwa bado cha shimu.

Mwenye pikipiki alikuja akaipanda hadi njia panda na kurudi. Aliposhuka alisema kwamba amepinda kona ile ile iliyomtisha, na gurudumu la nyuma limemfuata kwa adabu.

Nawasihi wenzangu wenye pikipiki za zamani, hata kama si Norton: kitu kilichoachiwa nafasi na mfundi wake kina sababu yake. Kabla ya kuiziba, uliza imewekwa kwa ajili gani. Nami sasa nina fila yangu mwenyewe, na sikazi kitu kabla ya kupima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita