Misalaba ya Shaba na Vipimo Vyake

Ardhi ya Kolwezi na nchi ya Lualaba ina shaba nyingi. Kabla Wazungu hawajafika, wazee walikwisha kuijua kazi yake. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na kuvuta mivukuto. Shaba ilipoyeyuka, waliimimina katika shimo lenye umbo la msalaba. Ilipopoa, ikatoka misalaba.

Katika karne ya 19 msalaba mmoja mkubwa, wenye umbo la X, ulikuwa na urefu wa sentimeta 20 hivi na uzito wa kilo 1 hivi. Uliitwa handa, nao ulikuwa fedha ya kununulia vitu. Lakini je, misalaba ilikuwa fedha tangu mwanzo? Wazee wa kale hawakuacha maandiko. Jibu lilipatikana kwa kuchimba na kwa kupima.

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale walichimba makaburi huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambamo mto Lualaba hupita. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Mbelgiji, Pierre de Maret, alichimba tena. Waliona kwamba katika makaburi ya zamani zaidi yenye misalaba, misalaba ilikuwa mikubwa na michache, imelazwa kifuani mwa maiti. Katika makaburi ya baadaye ilikuwa midogo na mingi, imewekwa mikononi au kiunoni. Tena hiyo midogo ilikaribia kulingana yote.

Kwa nini kulingana ni jambo kubwa? Tazameni mafungu mawili ya misalaba. Hesabu hizi ni za mfano tu.

Fungu la kwanza: sentimeta 12, 20, 9, 16, 13.
Fungu la pili: sentimeta 14, 13, 14, 15, 14.

Jumlisheni kila fungu: yote mawili ni 70. Gawanyeni kwa 5: kila moja lina wastani wa sentimeta 14. Basi wastani peke yake hautenganishi mafungu haya. Sasa toeni urefu wa mfupi katika urefu wa mrefu. Fungu la kwanza: 20 − 9 = 11. Fungu la pili: 15 − 13 = 2. Hapo tofauti yaonekana wazi.

Mtu mmoja anauza mbuzi kwa msalaba mmoja. Mnunuzi anautoa mfukoni bila kuuchagua. Kama mfuko una fungu la kwanza, muuzaji ana nafasi 1 katika 5 ya kupewa ule wa sentimeta 9, na nafasi 1 katika 5 ya kupewa ule wa 20. Huo si uuzaji, ni bahati nasibu. Lazima aupime kila msalaba na kubishana. Kama mfuko una fungu la pili, atapata karibu kitu kilekile daima. Atatoa mbuzi wake bila hofu, na kesho atanunua mtama kwa msalaba uleule.

Ndiyo maana de Maret aliona kwamba misalaba midogo inayolingana ilikuwa fedha ya kila siku, na ile mikubwa ya kale huenda ilikuwa mali ya heshima. Hakuna mzee aliyemwambia hayo. Vipimo vilimwonyesha.

Umbo nalo lina faida. Chora X yenye mikono minne sawa kwenye karatasi, uikate, uikunje katikati. Mikono inafunikana. Mtu akikata kipande cha mkono mmoja ili aibe shaba, mikono haitafunikana tena, na jicho litaona mara moja.

MASWALI
1. Misalaba ya makaburi ya zamani na ya baadaye ilitofautianaje?
2. Fungu la tatu lina sentimeta 11, 17, 14, 10, 18. Tafuta wastani, kisha tofauti ya mrefu na mfupi. Je, lakaribia fungu la kwanza au la pili?
3. Pimeni urefu wa majani kumi ya mwembe mmoja. Andikeni wastani wake. Je, majani hayo yangefaa kuwa fedha? Toeni sababu.