Soda na biskuti foleni ya Mpondwe: hasara isiyoonekana
Madereva vijana wanaosubiri kuvuka Mpondwe, Bwera, kuingia Kasindi nchini Kongo, mara nyingi hushiba kwa soda na biskuti. Vyakula hivyo vya kiwandani, vyenye sukari na viongezwa vingi, mtaalamu wa Brazil, Carlos Monteiro, aliviainisha mwaka 2009 kuwa vimesindikwa kupita kiasi.

Tafiti kadhaa zimevihusisha na uvimbe wa ndani ya mwili. Uvimbe huo hauumi, bali damu ikipimwa huonekana protini ya CRP, inayotengenezwa na ini, imepanda. Ukidumu miaka mingi, huambatana na kisukari na maradhi ya moyo.

Dereva akiugua, gari husimama. Maharage, matoke na samaki wa Ziwa Edward hupatikana Kasese na Bwera.