Programu za Kuharakisha Kompyuta: Soko Lililobaki Baada ya Tatizo Kupungua

Programu za kuharakisha kuwaka kwa kompyuta, yaani zile zinazoahidi kupunguza muda unaopita tangu kitufe kibonyezwe hadi mashine iwe tayari kwa kazi, zilipata soko pana katika enzi za Windows XP, mfumo endeshi ulioingia madukani mwaka 2001. Kompyuta za wakati huo zilihifadhi mafaili katika diski sumaku inayozunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea hulazimika kuhama huku na huko kila faili jipya linapohitajika, na kila programu iliyojipanga kuanza pamoja na mashine ilirefusha foleni hiyo. Tatizo lilikuwa la kweli, na aliyeuza njia ya kulipunguza aliuza kitu chenye manufaa.

Mabadiliko mawili yameidhoofisha bidhaa hiyo. Kwanza, Windows 8, iliyotolewa mwaka 2012, iliweka ndani ya Task Manager, zana yake ya kusimamia programu zinazoendeshwa, orodha ya programu zinazoanza zenyewe, ikionyesha jinsi kila moja inavyochelewesha mashine na kumwezesha mtumiaji kuizima bila malipo. Pili, diski za SSD, ambazo huhifadhi data katika chipu bila sehemu yoyote inayozunguka, zilishuka bei. Na ilhali diski sumaku husoma vipande vya data vilivyotawanyika takriban mara mia moja kwa sekunde, SSD husoma makumi ya maelfu.

Kwa kuwa kasi yenyewe haikuwa tena adimu, sehemu ya wafanyabiashara ilihamia katika kuuza hofu. Mtumiaji hupewa toleo la bure, ambalo hukagua mashine na kutangaza mamia ya “hitilafu”, aghalabu katika rejista, yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows, kisha hudaiwa ada ya mwaka ili zirekebishwe. Microsoft imetamka kwamba haiungi mkono usafishaji wa rejista kwa programu za aina hiyo, na tangu Machi 2018 antivairasi yake huziondoa zile zinazotumia ujumbe wa kutisha ili kumshurutisha mtu anunue. Mwaka 2019 kampuni ya maduka ya Office Depot na mshirika wake Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35, baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kudai kwamba ukaguzi wao uliripoti dalili za programu hasidi kwa sababu tu mteja alikuwa amelalamikia jambo kama vile kompyuta kuwa nzito.

Hata programu yenye sifa njema haikosi hatari, kwa kuwa hupewa mamlaka ya kugusa kila pembe ya mfumo. Kwa mfano CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta iliyonunuliwa na kampuni ya Avast Julai 2017: ilibainika Septemba mwaka huohuo kwamba toleo lake la 5.33 lilichafuliwa na wadukuzi kabla ya kusambazwa, nalo lilikuwa limewekwa katika kompyuta zipatazo milioni 2.27.

Kwa hiyo uamuzi wa ofisi ndogo, shule au mtu binafsi ni suala la kulinganisha gharama. Ada ya programu hulipwa kila mwaka, ilhali SSD hununuliwa mara moja na faida yake huonekana katika kazi nyingi, si wakati wa kuwaka tu, jambo lenye uzito kwa wanunuzi wa kompyuta zilizokwisha kutumika ng’ambo, zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam, ambazo baadhi bado zina diski za zamani. Mpangilio wenye busara ni kuzima kwanza programu zisizohitajika, kisha kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, iwapo haitoshi na kubadilisha diski. Programu ya kulipia inastahili kufikiriwa pale tu ambapo msimamizi wa kompyuta nyingi anahitaji kuzidhibiti kutoka sehemu moja, na hapo anacholipia ni wepesi wa usimamizi, wala si kasi.