Laifulaini ya Muda: Unalipia Kamba au Unalipia Ncha Zake?

Ukitaka kubadilisha bati za godauni la mita 40 pale Chang'ombe au Ubungo, makadirio ya wakandarasi hayatapishana sana kwenye bati, skrubu na vibarua. Yatapishana kwenye mstari ambao wateja wengi huuruka: usalama wa kazi za juu. Mmoja ataandika "mikanda", basi. Wa pili ataweka jukwaa kuzunguka jengo zima, na jumla yake itakufanya uisome mara mbili. Wa tatu ataandika laifulaini ya muda, yaani waya au mkanda unaovutwa kwa mlalo juu ya paa kutoka ncha moja hadi nyingine, mafundi wakijifunga hapo kwa hanesi na kusogea nao mpaka kazi iishe. Bei ya huyu wa tatu hukaa katikati, na ndiyo maana inavutia. Lakini mambo mawili yanayoamua kama inakufaa kwa kawaida hayamo kwenye karatasi yake: ncha zitafungwa wapi, na chini ya fundi pana nafasi kiasi gani.

Huyo wa "mikanda" tummalize kwanza. Mkanda wa kiunoni unaouzwa kwa bei ya chini madukani unaweza kumzuia fundi asifike ukingoni, lakini si wa kumdaka akianguka, kwa sababu nguvu yote huishia tumboni na kwenye uti wa mgongo. Marekani iliuondoa kwenye kazi hiyo katika ujenzi tangu Januari 1, 1998. Kinachodaka ni hanesi ya mwili mzima, yenye namba EN 361 kwenye lebo, pamoja na kamba fupi yenye kipunguza mshtuko cha EN 355. Hicho ni kile kifurushi kilichoshonwa, ambacho hufumuka mtu akianguka ili nguvu isizidi kilonyutoni 6, sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Makadirio yakisema "mikanda" tu, uliza ni ipi.

Sasa laifulaini yenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote ni mkanda wa polista wa mita 20 wenye kikazio cha mkono na kulabu mbili. Unaingia kwenye begi, mtu mmoja anaubeba, na kwa wauzaji wa Ulaya kwa kawaida hugharimu kati ya dola 150 na 300 kabla ya usafiri na ushuru. Seti ya waya wa chuma wa milimita 8, yenye kipunguza mshtuko chake na kionyesho cha mkazo, huweza kufika mara kadhaa ya bei hiyo. Polista inachoka kwa jua, inakatwa na makali ya bati na kutobolewa na cheche za kuchomelea. Waya unavumilia cheche, ila kwa hewa ya chumvi ya Dar, Tanga au Mombasa unataka kupakwa mafuta na kukaguliwa mara kwa mara. Kwa kazi ya bati isiyo na uchomeleaji, mimi ningenunua mkanda na kuulinda kwenye kila kona kali. Kumbuka tu kwamba umri wake una mwisho uliopangwa na mtengenezaji, unatakiwa kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi angalau kila baada ya miezi 12, na ukishamdaka mtu mara moja hautumiki tena.

Soma lebo hadi mwisho. Kiwango cha EN 795 cha mwaka 2012 kinapima kifaa kwa mtumiaji mmoja. Kama mafundi wawili watajifunga kwenye mstari mmoja, tafuta CEN/TS 16415, ambacho ndicho cha watu zaidi ya mmoja. Hili si suala la makaratasi. Mmoja akianguka, mstari hubonyea ghafla na kumvuta mwenzake aliyesimama, na wa pili huanguka kabla hajajua kilichotokea.

Kuna chaguo jingine ambalo haliandikwi popote lakini lipo saiti nyingi: waya wa duka la vifaa vya ujenzi, klampu mbili kila upande, umekazwa kwa nguvu zote. Hapa hesabu ni muhimu. Fundi ameanguka katikati ya nafasi ya mita 10, na kipunguza mshtuko chake kimebana nguvu isizidi kilonyutoni 6. Waya ukibonyea mita moja, kila ncha inavutwa kwa kilonyutoni 15 hivi. Ukibonyea nusu mita tu, kila ncha inavutwa kwa kilonyutoni 30, takribani tani tatu. Ukibonyea robo mita, ni tani sita. Kwa hiyo fundi makini, anayeukaza waya hadi unyooke kabisa kwa kudhani anaongeza usalama, anazidisha mzigo kwenye ncha. Waya wa kawaida wa milimita 8 hukatika kwenye kilonyutoni 35 hadi 40, na klampu hata zikifungwa vizuri hubakiza takribani asilimia 80 ya nguvu hiyo. Zikigeuzwa, tandiko likakaa upande wa kipande kifupi badala ya upande unaobeba mzigo, hupungua zaidi. Seti ya kiwandani ina kipunguza mshtuko kwenye mstari wenyewe, na kikifumuka mstari hulegea kwa kipimo. Fedha ya ziada inalipia hicho.

Tukirudi kwenye ncha: papi iliyopigiwa misumari haiwezi tani tatu, na kenchi ya mbao inayovutwa kwa ubavu haikuundwa kwa mzigo huo. Kanuni za Marekani zinataka laifulaini ya mlalo isanifiwe na mtaalamu, iwe na nguvu angalau mara mbili ya mzigo unaotarajiwa. Godauni la fremu za chuma lina bahati hapa, kwa kuwa boriti zenyewe, mhandisi akizipitisha, zinaweza kuzungushiwa mikanda ya kufungia, na gharama inashuka. Jengo la kenchi za mbao litahitaji vyuma vya kuongezwa na mtu wa kuvipigia hesabu, na hapo seti ya dola 200 inakuwa sehemu ndogo ya bili.

Halafu pima nafasi ya chini. Kamba fupi ya mita 2, kipunguza mshtuko kinachoweza kurefuka hadi mita 1.75, mita 1.5 kutoka mgongoni hadi nyayoni, na mita 1 ya tahadhari: hiyo ni mita 6.25. Ongeza mita moja ya mstari kubonyea, unapita mita 7. Godauni refu linaweza kutosha. Nyumba ya kawaida ya Goba au Kitengela, yenye ukingo wa paa mita 3 kutoka ardhini, haitoshi kabisa. Fundi atafika chini mfumo ukiwa bado unafumuka, na mwenye nyumba atakuwa amelipia vifaa vya bure. Nyumba ya namna hiyo iwekewe jukwaa lenye reli ukingoni. Litamfaa pia mpaka rangi na fundi wa mifereji, kwa hiyo gawanya gharama yake kwa kazi zote tatu kabla ya kusema ni ghali.

Njia ya kutumia laifulaini ninayoipendelea ni kuivuta juu ya mgongo wa paa na kufupisha kamba ya fundi ili asiweze kufika ukingoni. Asipoanguka, hesabu ya mita 7 haina kazi. Ila haizuii kutumbukia kupitia zile bati za plastiki za kupitisha mwanga, ambazo zikizeeka hazibebi mtu. Hizo zifunikwe kwa mbao au ziwekewe wavu chini.

Bloku ya kujirudisha, ile inayovuta kamba yenyewe na kubana mara mtu anapoteleza, humdaka kwa umbali mfupi zaidi na huhitaji ncha moja. Lakini kila fundi anahitaji yake, bei ya moja mara nyingi huzidi ya mkanda wa mita 20, na iwe imepimwa kwa kupita juu ya ukingo. Kwa kazi ya fundi mmoja mahali pamoja, kama kufunga tangi au sola, ni bora kuliko laifulaini.

Nani alipe? Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamtwika mwajiri vifaa vya kinga. Mkandarasi akikuambia mafundi watakuja na hanesi zao, bei yake ni ndogo kwa sababu amewahamishia vibarua gharama hiyo.

Kabla ya kusaini, tafuta mstari wa uokoaji. Mtu aliyening'inia kwenye hanesi bila kujongea anaweza kuzimia, na akaweza kufa ndani ya nusu saa. Kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere gari la zimamoto linaweza lisifike kwa muda huo. Ngazi inayofika pale atakaponing'inia, kamba ya kumshushia na watu wawili waliofundishwa kuitumia viandikwe kwenye makadirio, na viwepo saiti tangu bati la kwanza linapong'olewa.