Mtoto wa Dunguni Asome Nini?

Mpunga wa Usangu unapoanza kushika punje, kazi ya kuamia ndege huwaangukia watoto. Saa za shule zikiisha, mtoto wa Rujewa hupanda dungu na kopo lake la mawe, akapiga kelele kila kundi la kweleakwelea linapokaribia kutua. Baina ya kundi na kundi hukaa kitako akitazama mbingu. Twauliza: katika muda ule asome nini?

Swali hili si la mzaha. Mtoto wetu hujifunza kusoma katika darasa la kwanza na la pili. Kuanzia hapo hupewa vitabu vya kiada, navyo husomwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita hufungwa. Asiyepata hadithi ya kusoma kwa hiari yake kati ya umri wa miaka 9 na 13, kusoma kwake huota kutu. Kisha huingia sekondari, ambako masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, akajikuta hana lugha ya kushikilia, si ile wala hii. Mzazi aliyevuna magunia mengi hununua redio na simu bila kusita, lakini akiambiwa kitabu cha hadithi hujibu, "Mtoto anavyo vitabu vya shule." Jibu hilo hatulikubali.

Kwa hiyo leo twataja vitabu vichache. Si vyote vilivyotoka jana. Lakini kitabu ambacho mtoto hajakifungua, kwake ni kipya.

Cha kwanza kwa watu wa nyanda hizi ni Moto wa Mianzi, riwaya ya vijana ya Profesa M. M. Mulokozi iliyotoka mwaka 1996. Mwandishi huyu alikwisha kuandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe mwaka 1979, na katika riwaya hii amerudi kwenye vita vya Wahehe na Wajerumani, safari hii kwa ajili ya vijana. Mtoto wa Iringa atajua majina ya mahali kabla ya kufungua kitabu: Lugalo, walikoshindwa Wajerumani Agosti 1891, Kalenga, iliyoanguka Oktoba 1894. Lakini twapenda hasa kisomwe Rujewa, kwa sababu hapa habari ni ngumu zaidi. Wasangu walikuwa wamefukuzwa na Wahehe katika uwanda huu, na Mtemi Merere alisimama upande wa Wajerumani ili airudishe nchi yake. Mtoto wa Kisangu akisoma habari za ushujaa wa Mkwawa atakwenda kumwuliza babu yake, "Je, sisi tulikuwa wapi?" Babu na ajiandae kujibu, wala asimfokee. Na kama yuko mwandishi wa Mbarali awezaye kuandika riwaya ya watoto kutoka upande ule wa pili, twamngoja.

Cha pili ni Mwana Mdogo wa Mfalme, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2009, tafsiri ya hadithi ya rubani Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry. Ndege imeharibika jangwani. Mtoto asiyejulikana alikotoka anatokea na kumwomba rubani amchoree kondoo. Kila kondoo anayechorwa anakataliwa, mpaka rubani amechoka akachora sanduku na kusema kondoo yumo ndani. Watoto wa wafugaji wa Usangu watacheka, kisha watabishana kama kondoo huyo ni mnono au amekonda. Picha ni za mwandishi mwenyewe, na bila hizo hadithi haikamiliki.

Wenye kupenda maajabu wapewe Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2015. Wakubwa kidogo wapewe Ndoto ya Amerika ya marehemu Ken Walibora wa Kenya.

Sasa juu ya riwaya za katuni. Wako wazee wanaoona kitabu cha picha ni upuuzi. Wengi wetu tuliokua miaka ya 1980 na 1990 tulinyoosha ulimi kwa kusoma gazeti la Sani, ingawa halikuandikiwa watoto, na hatukupungukiwa na kitu. Upungufu uliopo ni mwingine: katuni fupi za kuchekesha tunazo tele, lakini hadithi ndefu ya picha, ya Kiswahili, iliyokusudiwa mtoto wa miaka 10, ni adimu mno. Wachoraji wapo. Wachapishaji ndio wanaoogopa gharama ya rangi.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza na riwaya na ushairi, baadaye ikaongeza hadithi za watoto. Hiyo ni hatua njema. Twaomba sasa wachoraji nao wafunguliwe mlango.

Asiye na fedha asikate tamaa. Tangu 2014 mradi wa African Storybook unatoa hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, bure, za kusomwa katika simu au kuchapwa; nyingi zawafaa wadogo zaidi. Maktaba ya Mkoa iko Mbeya mjini. Ofisi za matawi nazo zina makabati yaliyojaa mafaili ambayo hayajafunguliwa miaka mingi. Rafu moja ikitolewa kwa vitabu vya watoto, mafaili hayatalalamika. Na wewe unayepeleka mchele Mbeya au Dar es Salaam, kabla gari halijageuza, ingia duka la vitabu uulize majina haya.