Kwa nini Simba na Yanga walicheza fainali Kigoma?

Fainali ya Kombe la Shirikisho (wakati huo ASFC) haikuwa na uwanja wa kudumu, TFF iliizungusha mikoani. 2019 ilikuwa Lindi, 2020 Sumbawanga. Julai 25, 2021 ikapigwa Lake Tanganyika, Kigoma, tena watani wa jadi wenyewe!

Kwa shabiki wa Tabora si jambo dogo. Dabi ya Kariakoo kawaida ni hadi ufunge safari ya Dar. Safari hii ilikuwa kugeuka upande wa pili, Reli ya Kati kuelekea Kigoma, njia ya misafara ya zamani ya Ujiji.

Yanga, walioshinda dabi ya ligi Julai 3, walibaki 10 baada ya Mukoko Tonombe kulambwa nyekundu. Taddeo Lwanga akawamaliza, 1-0. Kombe likaenda Msimbazi.